Maisha ya Bah Stodarwell Kharbyngar, na Mlango wa Kong Trolina

Mchungaji na wazee wa kanisa, mkuu wa kijiji chetu cha Laitrum na baraza lako, mheshimiwa waziri na walinzi wako, viongozi wa chama mliotoka Shillong na wale mliotoka Delhi kwa ndege ya jana, ndugu, majirani, na nyinyi vijana mlioshika majembe kule makaburini mkiwa mmevaa jezi zenye picha ya marehemu kifuani, familia ya ukoo wa Kharbyngar inawasalimu, inawaomba walio na viti wakae na walio na mawe wakalie mawe, walio na popoo mdomoni waendelee kutafuna taratibu, kwa sababu historia hii si fupi, na wala haikuandikwa na ofisi ya chama. Ile ya ofisi ya chama ililetwa juzi Jumatano, kurasa mbili, imechapwa vizuri, ina picha ya rangi, na katika aya ya tatu inasema marehemu "aliwaletea watu wa Laitrum maji". Dada wa marehemu, Kong Trolina, aliisikiliza mpaka hapo, akaiomba kwa adabu, akaenda kuwashia moto wa chai. Hii mnayoisikia imeandikwa na mpwa wa marehemu, Daphisha, binti wa Kong Trolina, ambaye ndiye anayewasomea.

Marehemu Stodarwell Kharbyngar, aliyejulikana jimbo zima kwa jina la Mjomba Stod, alizaliwa alfajiri ya tarehe 14 Februari 1957 katika nyumba hii, chumba kile cha upande wa jikoni, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto wanne wa Bibi Drimsibon Kharbyngar na Mzee Lokendro Syngkli, mkulima wa machungwa na popoo. Waliomfuata ni Bah Phrangstar, ambaye yupo, Kong Aitimon, aliyetangulia mwaka 1999, na Kong Trolina, kitinda mimba. Maji aliyooshewa siku ile yalitoka chemchemi ya Umsyntiew, hatua mia mbili juu ya nyumba hii, katika ardhi ya ukoo, chemchemi ambayo kwa kumbukumbu ya watu wote wa hapa haikuwahi kukauka hata Februari, mwezi ambao mvua yetu yote inayosifiwa vitabuni inakuwa imeshateremkia kwa watu wengine.

Yanasemwa yafuatayo kwa faida ya wageni wa Delhi, wengine watuvumilie: Bah ni heshima ya mwanamume na Kong ni ya mwanamke, kwetu mtu ni wa ukoo wa mama yake, nyumba na ardhi ya ukoo hushikwa na binti wa mwisho, na mwenye sauti juu ya ardhi hiyo ni mjomba mkubwa, ambaye akioa huenda kuishi kwa mkewe, lakini akifa hurudishwa kwa dada zake azikwe nao. Kwa hiyo binti wa mwisho hapokei nyumba peke yake, hupokea na maiti. Hakuna mwingine wa kumfungulia kaka yake mlango, na hakuna wa kumlazimisha aufungue. Walioona yaliyotokea hapa uani juzi wanajua kwa nini jambo hili limetajwa mapema.

Kwa upande wa elimu, marehemu alianza shule ya msingi ya kanisa hapa Laitrum mwaka 1963, akaendelea na sekondari Sohra kuanzia 1970, akitembea kilomita kumi na nne kila Jumatatu na kurudi kila Ijumaa, kisha akasoma chuo huko Shillong na kupata shahada ya kwanza ya sayansi ya siasa mwaka 1979, mtu wa kwanza wa kijiji hiki kuvaa joho. Mama yake aliuza msimu mzima wa machungwa yakiwa bado mtini ili avae joho hilo. Aliporudi alifundisha katika shule ileile ya kanisa kuanzia 1980 hadi 1987, na wanafunzi wake, ambao wengi mko hapa na mvi zenu, mnakumbuka kwamba hakuchapa mtu, alikuwa akimtuma mkosaji Umsyntiew na ndoo, na kwamba darasa zima lilikuwa likikosea makusudi siku za joto.

Tarehe 12 Desemba 1984 alifunga ndoa na Kong Elkadora Swer, mwalimu, wa mtaa wa Laitumkhrah huko Shillong, akahamia kwao, huku Laitrum akirudi siku za kufundisha tu, na Mungu akawajalia watoto watatu, mabinti wawili na mvulana mmoja, ambao ni wa ukoo wa Swer na wamekaa pale mbele na mama yao. Familia inamshukuru Kong Elkadora kwa miaka ishirini na minane ya kuishi na mtu ambaye nyumba yake ilikuwa na foleni mlangoni kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, kila mmoja akitaka barua, bati, kitanda cha hospitali au nafasi ya ualimu, na yeye Kong akiwapa wote chai.

Marehemu aliingia siasa mwaka 1988. Hakuwa na gari wala mabati, alikuwa na mtungi. Alipanda kila jukwaa akiwa na mtungi wa udongo uliojaa maji ya Umsyntiew na kikombe cha bati, akajimiminia kikombe kimoja mbele ya watu, akanywa chote bila kusema neno, akajifuta mdomo, ndipo akaanza, "Ndugu zangu, mimi ni mtoto wa maji haya, na maji hayadanganyi." Alishinda ubunge kwa kura 212. Haki ya mtu apewe: barabara ya kilomita kumi na moja iliyowaleta hapa leo, wenye magari, ni yake, ya mwaka 1991, umeme wa 1994 ni wake, paa la shule ni lake, na katika ule ugonjwa wa kuhara wa mwaka 1992 alibeba wagonjwa mgongoni mwake, hakutuma mtu. Alichaguliwa tena 1993 na 1998. Alikuwa katika vyama vitatu na kipindi kimoja hakuwa katika chochote, na kila alipohama alisema chama ndicho kilichohama. Mtungi ulikwenda naye kote. Mdogo wake Bah Phrangstar alikuwa dereva wake, na kazi ya kuujaza ilikuwa ya Bah Phrangstar.

Februari 2003 marehemu alishindwa, kwa kura 64. Wapo hapa waliomwona kipindi kile, jinsi alivyokaa siku nyingi kwenye kibanda cha chai cha njia panda akiwasalimia watu kwa majina yao, na watu wakaanza kumwitikia huku wanatembea. Mtu aliyezoea foleni mlangoni, foleni ikikatika anaumwa. Hilo linaeleweka. Lililofuata halieleweki, na familia haitalipaka sukari.

Tarehe 31 Machi 2003 alikuja nyumbani hapa, akakaa karibu na moto, akala wali na nguruwe wa ufuta mweusi sahani mbili, akamsifu mpishi, kisha akamwambia Kong Trolina kwamba kuna watu wa kampuni ya chokaa wanataka kuangalia mawe ya juu ya kilima.

"Kuangalia tu?" akauliza Kong Trolina.

"Kupima. Wanapima, wanaondoka. Kila mtu siku hizi anapima mawe."

"Na Umsyntiew?"

"Umsyntiew imefanya nini? Trolina, mimi ni mjomba wa watoto wako. Au unataka nikuandikie karatasi?"

Wakacheka wote wawili. Kong Trolina alicheka kwa sababu kwetu kumdai mjomba karatasi ni sawa na kumdai mama risiti ya maziwa, jambo hilo halikuwahi kufanywa na mtu yeyote katika ukoo huu, na ndilo kosa letu, tunalikiri mbele ya kanisa: tulikuwa na mjomba tukadhani hatuhitaji karatasi, wakati karatasi ilikuwepo, ilikuwa mfukoni mwa koti lake, na aliitia saini mchana uleule kwenye boneti ya gari, pale njia panda, akiwa bado ana ufuta kwenye meno.

Marehemu alizungumza lugha tatu kwa ufasaha. Kwa Kikhasi aliwaambia wapiga kura kwamba chemchemi ni mama. Kwa Kihindi aliwaambia wakubwa wa Delhi kwamba watu wa milimani ni wapole. Kwa Kiingereza aliiambia kampuni maneno mawili tu, no objection, kwa niaba ya ukoo mzima, kwa miaka kumi. Karatasi hiyo inasema ukoo hauna pingamizi na machimbo, na inasema pia kwamba miaka kumi ikitimia mkataba utajiendeleza wenyewe kwa kumi mingine, isipokuwa mjomba mkubwa wa ukoo apeleke barua ya kuukataa kabla ya tarehe 31 Machi 2013. Leo ni Ijumaa tarehe 8 Februari 2013. Zimebaki siku hamsini na moja, na mjomba mkubwa yumo kwenye jeneza hili.

Baruti zilianza 2004. Mwaka 2006 maji ya Umsyntiew yakaanza kutoka meupe, na wajinga wachache, akiwemo mwandishi wa historia hii alipokuwa mwanafunzi, waliyaona mazuri. Tangu mwaka 2009 chemchemi hukauka Novemba, hurudi Mei, na inaporudi huja na uji wa chokaa. Marehemu alirudi bungeni Machi 2008, na hapo ndipo mabati yalipoanza kumwagika, mabati, mablanketi, masufuria, mipira na jezi zile, mpaka nyumba za Laitrum zikawa na paa zuri la kukingia mvua na hazina tone la kupikia Januari. Na mtungi bado alipanda nao jukwaani. Bado alikunywa kikombe kizima, bado alijifuta mdomo, bado alisema maji hayadanganyi.

Mwaka 2010 mpwa wake Daphisha alimaliza shahada ya uzamili ya jiolojia, akapanda kilima na kamba na daftari, akaandika ripoti ya kurasa arobaini inayoonyesha ufa ulipo, maji yanapopotelea, na kwamba baruti zikisimama upande wa mashariki chemchemi inaweza kurudi ndani ya misimu mitatu au minne. Akampelekea mjomba wake Shillong. Marehemu alifungua ukurasa wa kwanza, akatazama picha, akafunga.

"Mpwa wangu, wewe umesomea mawe. Mimi nimesomea watu."

"Hao watu wanakunywa nini, Mjomba?"

"Una ulimi kama wa bibi yako. Sikiliza, kampuni inatafuta mtu wa mazingira, ofisi ina kiyoyozi, nimeshawatajia jina lako."

"Niwaandikie nini? Kwamba maji yamehama kwa hiari yake?"

"Andika utakachoambiwa, ule mshahara, uwasaidie wazazi wako. Wenzako wanalilia barua yangu moja, wewe nakupa kazi nzima unanirudishia maswali."

Hakuichukua kazi hiyo, na hana kazi mpaka leo, na mwenyekiti wa tawi la chama, Bah Wilstone, kila anapokutana naye dukani humuuliza kama mawe yamejibu maombi yake. Anajibiwa leo, mbele za watu: bado, Bah, lakini yanasikiliza kuliko wewe.

Marehemu alianza kuugua figo mwezi Julai 2011. Alisafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki katika hospitali moja huko Shillong, akakonda, miguu ikavimba, na madaktari wakampunguzia maji mpaka kikombe kimoja kwa siku, kikombe kimoja, kwa chakula, kwa dawa, kwa kiu. Hata hivyo mwezi Novemba mwaka jana alitangaza kugombea tena uchaguzi wa mwezi huu. Tarehe 23 Januari mwaka huu alimpigia simu Daphisha mwenyewe, kwa sauti ndogo, akasema anataka kikombe chake cha kesho kiwe cha Umsyntiew.

Daphisha alikwenda na vitu viwili, chupa na barua ya kuukataa mkataba, iliyoandikwa tayari, inayongoja saini. Chupa ilikuwa tupu, kwa sababu Umsyntiew nayo ilikuwa tupu. Aliijaza kwenye bomba la ukumbi wa hospitali, karibu na choo cha wagonjwa, akaingia. Marehemu aliinuliwa na mkewe, akapewa kikombe, akanywa chote polepole akiwa amefumba macho, akajifuta mdomo.

"Ndiyo yenyewe," akasema.

Daphisha alikuwa amepanga kunyamaza. Alipoona mdomo ule unavyofutwa, kama jukwaani, alishindwa.

"Mjomba, hayo ni ya bomba la hapo nje. Umsyntiew haina maji. Imebaki matope meupe na kiatu cha mtu."

Kong Elkadora ni shahidi, yupo, na ameruhusu hili lisomwe. Marehemu alifumbua macho, akatazama dirisha, na hakukasirika.

"Hiyo karatasi uliyoshika ni nini?"

"Ni ya kuukataa mkataba. Unatia saini hapa tu."

"Iweke hapo mezani. Uchaguzi upite kwanza."

"Mjomba, uchaguzi ni tarehe 23 Februari. Na wewe..."

"Na mimi nini? Sema, si una ulimi."

Daphisha akaiweka barua mezani. Marehemu akasema tena, kwa upole, kama anayemwambia mtu wa foleni arudi Jumatatu, "Upite kwanza, mpwa. Niachie hiyo chupa."

Alifariki Jumanne tarehe 5 Februari 2013, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, akiwa na miaka hamsini na tano, miezi kumi na moja na siku ishirini na mbili. Barua ilikutwa ndani ya kitabu chake cha nyimbo za kanisa, haina saini. Chupa ilikutwa kitandani kando ya mto wa kulalia, ina maji robo tatu, na Kong Elkadora anasema siku zile kumi na mbili hakuyagusa tena wala hakukubali wauguzi wayamwage. Maana yake familia haijui, na haitabuni ili mtu alale vizuri.

Mwili ulifika Laitrum Jumatano saa tatu na dakika kumi asubuhi, katika gari la chama lenye bendera, likiendeshwa na Bah Phrangstar, na ukakuta mlango huu umefungwa kwa komeo. Kong Trolina alikuwa ndani, ameketi kwenye kigoda, anakata popoo. Hakulia na hakupiga kelele. Bah Wilstone ndiye aliyetangulia kugonga.

"Kong, maiti haikai kwenye gari."

"Gari ni la nani?" ikauliza sauti ya ndani.

"La chama."

"Basi chama kimpokee. Mmekuwa naye miaka ishirini na mitano, siku moja zaidi haitawaua."

"Kong, waziri anafika saa sita."

"Waziri atapewa chai. Chai hailazimu anywee ndani kwangu. Na mwambie maji ya chai hiyo wanawake wameyafuata bondeni, dakika arobaini kupanda, kwa hiyo asiache nusu kikombe."

Watu wakacheka, ndiyo, msibani, wakanyamaza upesi. Ndipo Kong Elkadora akashuka garini, akasogea mpaka mlangoni, akaweka kiganja kwenye ubao.

"Dada, nimekuletea kaka yako. Watoto ni wangu, yeye ni wako. Sina pengine pa kumpeleka."

"Najua ni wangu," akajibu Kong Trolina. "Ndiyo maana nimemfungia mimi. Angekuwa wako ungemfungia wewe. Kaa hapo kwenye benchi, dada, watakuletea tambuu, huna kosa. Phrangstar yuko wapi?"

Bah Phrangstar alikuwa amesimama nyuma ya gari, ameshika ufunguo.

"Nipo, dada."

"Mjomba mkubwa wa ukoo huu ni nani sasa?"

"Mimi ni dereva tu."

"Dereva alikuwa na mtu wa kumwendesha. Huyo mtu amelala nyuma yako. Nakuuliza tena."

Bah Phrangstar alikaa chini, akaegemea gurudumu. Watu wote wa hapa wanajua alichokuwa anakipima: mwanawe wa kwanza anaendesha lori la kampuni, wa pili ameahidiwa, na nyumba anayoishi imeezekwa na kampuni hiyohiyo. Saa nne ikapita, saa tano ikapita, waziri akafika akapewa chai, akainywa yote. Walinzi walitaka kuvunja komeo, na mkuu wa kijiji akawaambia kwamba wakivunja itabidi wao ndio wawe dada wa marehemu, waoshe, walie, wakae matanga. Wakarudi kwenye gari lao.

Karibu na saa saba Bah Phrangstar alisimama, akauendea mlango, akazungumza kwa sauti ya kusikika na watu wote, na ameomba maneno yake yasomwe kama alivyoyasema.

"Trolina, ule mtungi. Tangu 2006 sijaujaza Umsyntiew. Nilikuwa naujaza kwenye kituo cha mafuta, pale pa kuoshea magari. Anapanda, anakunywa, anawaambia watu ni maji ya mama yetu, na mimi nimekaa kwenye usukani natazama. Mara ya kwanza nilingoja anigeukie aniulize. Nilidhani atayajua ulimini. Hakuuliza. Ya pili hakuuliza. Miaka saba, dada, nilikuwa nangoja aniulize."

"Na wewe hukumwambia."

"Sikumwambia."

"Basi mlikuwa wawili," akasema Kong Trolina.

Saa saba na dakika ishirini na tano mchana, kwenye boneti ya gari la chama, kwa kuwa boneti ndiyo meza ya ukoo huu, Bah Phrangstar Kharbyngar, mjomba mkubwa wa ukoo, alitia saini barua ya kuukataa mkataba, ileile ya kitabu cha nyimbo, mbele ya mkuu wa kijiji na mzee mmoja wa kanisa, kisha akampa Bah Wilstone ufunguo wa gari mkononi. Komeo likaondolewa. Kong Trolina akatoka, akaweka sharti moja mbele ya jeneza, na sharti hilo ndilo mnalolisikiliza sasa: kwamba kaka yake anaingia, lakini anaingia na vyote alivyofanya, barabara yake na karatasi yake, hakuna kinachobaki nje ya mlango. Kisha akaomba ile chupa ya hospitalini. Walikuwepo wanawake wenye ndoo za maji ya bondeni, akawaambia hayo waweke ya kupikia. Akalowesha kitambaa kwa maji ya chupa, akamwosha kaka yake uso, paji, mashavu, na mdomo mwisho.

"Ulisema ndiyo yenyewe," akamwambia. "Haya."

Hapo ndipo alipolia, na wote mlilia naye, hata waliokuwa wamecheka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia marehemu kwa mwaka mmoja na miezi saba, mchungaji na wanakwaya, mkuu wa kijiji na baraza, na vijana waliochimba kaburi kwenye mwamba huu. Inawashukuru kwa namna ya pekee wanawake wa Laitrum waliopandisha ndoo mia moja na sitini tangu Jumatano, kila kikombe mlichoshika kimepita kwenye shingo ya mtu. Inawashukuru wabunge wenzake wa vyama vyote vitatu, ambao mmekubaliana leo kwa mara ya kwanza, kwa kugombania kuweka bendera zenu juu ya jeneza. Halitakuwa na bendera, lina shuka ya mama yake. Inaishukuru kampuni ya chokaa kwa shada kubwa la maua ya plastiki, ambalo limeachwa nje kwa sababu halina haja ya maji.

Watoto wa Kong Elkadora, mkitaka kuja kwa shangazi yenu, mlango uko wazi kuanzia sasa.

Barua inapelekwa Shillong Jumatatu tarehe 11, mkononi, na Bah Phrangstar, ambaye hana gari tena, na anayetaka kumsindikiza awe njia panda saa moja asubuhi, avae viatu vya kusimama. Tunajua si mwisho. Tunajua watasema mjomba mpya hatambuliki, watataka mhuri, kisha mhuri wa mhuri. Safari hii na sisi tuna karatasi, na nakala yake iko kwa mchungaji.

Mjomba Stod, wazee wetu husema aliyetutoka ameketi mlangoni kwa Mungu anakula tambuu. Ukifika ukakuta foleni, usiwaahidi mabati. Tafuna, kaa kimya, wape wengine nafasi. Ulitupenda, ulitubeba mgongoni, ukatuuza, na tunakuzika ukiwa wetu. Wewe pumzika. Amani tunaifuata Jumatatu, kwa gari la saa moja.